Mifuo ya matairi kwenye lami: jinsi ya kulitambua tabaka lenye kosa na kulitengeneza

Mwezi wa kumi, saa nane mchana, simama kando ya barabara ya Kasumbalesa, ile iendayo mpaka wa Zambia, mahali kamyo za shaba zinapopanga foleni. Inama, uangalie usawa wa barabara kama seremala anavyoangalia ubao. Mara nyingi utaona mabonde mawili marefu pale matairi yanapopita, na kando yake lami iliyoinuka kama unga uliosukumwa kwa kiganja. Hiyo ndiyo mifuo. Wahandisi wetu waliosoma kwa Kifaransa huiita orniyeraji. Madereva husema tu kwamba barabara imebonyea na usukani unavutwa.

Nimefanya kazi ya laboratwari ya barabara hapa Lubumbashi kwa miaka mingi, na kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hili: mifuo inafunikwa kabla mtu hajajua ni tabaka gani lililosogea. Nakumbuka kipande kimoja nje ya mji chenye mifuo ya sentimeta 3. Mkandarasi alimwaga juu yake sentimeta 4 za lami mpya mwezi wa nane, barabara ikanyooka kama meza. Mvua za kwanza ziliikuta imebonyea tena, palepale. Tulipoikata tuone ndani, ile lami mpya ilikuwa nzuri kabisa. Lililotembea ni tabaka la zamani chini yake, ambalo hakuna aliyeligusa. Pesa ya kazi nzima ilipotea kwa kuwa hakuna aliyekubali kutumia siku moja kuchimba.

Mwongozo huu nimeuandika kwa fundi, mpimaji au mhandisi kijana ambaye kesho ataambiwa, "Barabara imebonyea, nenda ukatengeneze."

Kwanza, tabia ya lami

Tutofautishe maneno mawili. Bitumini ni ule mnato mweusi unaotokana na mafuta ya petroli. Lami, katika mwongozo huu, ni mchanganyiko mzima: kokoto, mchanga, unga wa mawe, na bitumini ambayo ni kama asilimia 5 ya uzito. Karibu kila kitu humo ni jiwe, lakini mwenendo wa mchanganyiko kwenye joto huamuliwa na huo mnato kidogo, pamoja na jinsi mawe yanavyoshikana.

Bitumini iliyopoa sana ukiipiga ghafla huvunjika kama kioo. Ukiiwekea mzigo juani ukaiacha, hutiririka polepole kama asali. Kinachoamua ni joto na muda. Kamyo inayopita kwa kilomita 80 kwa saa hukandamiza kila nukta ya barabara kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Lami hubonyea kidogo kisha hurudi. Kamyo ileile ikitambaa kwenye foleni hukandamiza kwa sekunde nyingi, na sehemu ya ule mbonyeo hairudi tena. Sehemu ndogo ya milimita isiyorudi, ikirudiwa mara maelfu, ndiyo mfuo unaouona.

Sasa weka hali ya hewa yetu hapo. Bitumini inayojulikana sana ni ya daraja la 60/70. Namba hizo zina maana ya kushikika: sindano yenye uzito wa gramu 100 ikiachwa kwa sekunde 5 juu ya bitumini ya nyuzi 25, itazama kati ya milimita 6 na 7. Bitumini hiyo hulainika ikifika karibu na nyuzi 50. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijapoza ardhi, hewa ya Lubumbashi hupanda kupita nyuzi 30, na uso mweusi wa barabara chini ya jua kali huweza kukaribia nyuzi 60. Kwa saa kadhaa za mchana, basi, bitumini iko juu ya kiwango chake cha kulainika, na kinachoizuia barabara isitembee ni mawe kushikana na mawe. Watu wengi husema mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita tunavaa makoti, kwa hiyo lami yetu haina shida ya joto. Waambie waje na kipimajoto mwezi wa kumi.

Hatua ya 1: Pima kina na uchore ramani

Tafuta rula ya aluminiamu iliyonyooka yenye urefu wa mita 2, na kabari yenye alama za milimita. Laza rula kuvuka barabara juu ya bonde, ikae kwenye sehemu mbili zilizoinuka, kisha sukuma kabari chini yake penye kina kikubwa zaidi. Andika tairi la kushoto na la kulia, na kila upande wa barabara peke yake, maana kamyo zinazokwenda mpakani na zinazorudi hazilingani uzito. Mimi hupima kila mita 10, kwa vipande vya mita 100. Usiandike wastani peke yake. Kipande chenye wastani wa milimita 12 kinaweza kuwa na mahali pa milimita 30, na gari huteleza mahali hapo, halitelezi kwenye wastani.

Kwa kawaida mfuo wa milimita 6 hadi 13 huitwa hafifu, 13 hadi 25 wa kati, na zaidi ya 25 ni mkali. Ila hesabu ya maji ndiyo inayonishughulisha zaidi. Chukua mfuo wenye upana wa sentimeta 80 kwenye barabara iliyolazwa kwa mteremko wa asilimia 2.5 kwenda pembeni. Kutoka kitovu cha bonde hadi ukingo wake wa chini ni sentimeta 40, na asilimia 2.5 ya hizo ni milimita 10. Mfuo ukipita milimita 10, maji hayana pa kutokea tena. Yatasimama njiani mwa tairi, gari dogo litaelea juu yake kwa mwendo wa kasi, na yale yanayobaki yatatafuta ufa wa kuingilia chini. Ndiyo maana mfuo unaoitwa hafifu kwenye vitabu, kwetu kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu si hafifu.

Ukiwa na vipimo, chora mahali. Mifuo ikikaa kwenye milima kamyo zinakopanda kwa gia ya kwanza, kwenye mzunguko, mbele ya mizani na vizuizi vya malipo, na huku kwingine barabara imenyooka, shuku lami. Ikionekana penye dembo, yale mabonde yetu yenye majani na maji karibu mwaka mzima, au pale mtaro umezibwa na takataka, shuku kilicho chini ya lami. Bado ni shuku tu. Endelea.

Hatua ya 2: Soma umbo la bonde

Lami iliyotiririka huacha bonde jembamba, mara nyingine na alama mbili za matairi pacha, na kando yake matuta. Lami haikupotea, imehama. Mistari iliyopakwa rangi hupinda kama nyoka, na ndani ya bonde lami huwa nyororo na inang'aa kwa bitumini iliyopanda juu.

Tabaka la msingi au ardhi ya chini ikikosa nguvu, bonde huwa pana na la mviringo, halina matuta makali, na mara nyingi ndani yake kuna nyufa zenye umbo la magamba ya mamba. Baada ya mvua utaona udongo mwekundu uliopanda kupitia nyufa na kukauka juu. Huo ni ushahidi mkubwa: tope lililo chini linapigwa pampu na matairi.

Kuna namna ya tatu ambayo wengi huitaja haraka kwa kuwa haimuumizi mtu: "Ni lami tu inashuka, magari yanaishindilia." Jambo hilo lipo, lakini lina mpaka, na mpaka wake unaweza kuuhesabu mwenyewe. Tabaka la milimita 50 lililoachwa na hewa asilimia 10 likishindiliwa na magari hadi hewa asilimia 4, litapungua unene kwa milimita 3 na kidogo. Tabaka la milimita 120 litapungua kama milimita 7 na nusu. Basi mtu akikuambia mfuo wa milimita 30 kwenye lami ya sentimeta 5 umetokana na kushindiliwa tu, mwonyeshe hesabu hiyo kwa heshima, kisha mwombe ruhusa ya kukata barabara.

Hatua ya 3: Toa karoti

Karoti ndilo jina letu la zile sampuli za mviringo zinazotolewa kwa mashine ya kutoboa. Toa tatu kwenye mstari mmoja unaovuka barabara: moja ndani ya bonde, moja juu ya tuta, moja katikati ya njia mbili za matairi, mahali ambapo matairi hayapiti sana. Fanya hivyo angalau sehemu mbili mbaya na sehemu moja nzuri. Karoti ya mahali pazuri watu huisahau, na bila hiyo huna cha kulinganisha.

Toboa asubuhi, lami ikiwa baridi. Andika namba kwa rangi mara karoti inapotoka, ilaze kwenye mchanga ndani ya sanduku, isikae juani wala isisimamishwe. Nimeshaona karoti zimeyeyukia umbo lingine nyuma ya pikapu kabla hazijafika mjini. Zibe matundu siku hiyohiyo kwa lami ya baridi au zege, ukishindilia kwa tabaka.

Pima unene wa kila tabaka kwenye kila karoti. Ikiwa lami ni nyembamba kwenye bonde na nene kwenye tuta, imehama. Ikiwa unene ni uleule kote, lami imeshuka pamoja na kilicho chini yake. Angalia pia ni tabaka lipi la lami. Chini ya tairi zito, nguvu ya kusukumana mawe haiko kubwa zaidi juu kabisa. Mara nyingi hufikia kilele chake sentimeta kadhaa chini ya uso. Kwa hiyo tabaka la pili la lami, lile ambalo mkandarasi alibana gharama kwa kuwa halionekani, mara nyingi ndilo lenye kosa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye kile kipande nilichokisimulia.

Hatua ya 4: Kata handaki

Hapa ndipo watu hukataa, na hapa ndipo jibu lilipo. Karoti hukuonyesha nukta tatu. Handaki hukuonyesha barabara nzima kama keki iliyokatwa.

Funga njia moja, weka watu wenye bendera pande zote mbili mbali ya kutosha, kwa sababu kamyo iliyobeba shaba haisimami ghafla. Kata kwa msumeno wa lami mistari miwili inayovuka njia yote, kutoka ukingo hadi katikati ya barabara, ikiachana kama sentimeta 70. Ondoa lami kwa uangalifu, kisha chimba tabaka kwa tabaka hadi udongo asilia. Safisha ukuta wa handaki kwa brashi na maji kidogo. Mipaka ya matabaka itajitokeza.

Vuta kamba juu ya handaki, ikaze sawasawa kati ya sehemu mbili ambazo hazijabonyea. Kila sentimeta 20 pima kutoka kwenye kamba hadi uso wa lami, hadi sehemu ya juu ya tabaka la msingi, hadi sehemu ya juu ya udongo asilia. Chora kwenye karatasi ya mraba. Tuseme uso katika bonde uko milimita 32 chini ya kamba, na tabaka la msingi limeshuka milimita 3 tu kutoka mstari wake. Basi milimita 29 zimepotea ndani ya lami, na mabishano yameisha. Ukikuta kinyume chake, msingi umeshuka milimita 28 na lami imefuata tu, unajua kwamba hata lami bora kuliko zote duniani isingesaidia hapo.

Ukiwa ndani ya handaki, shika udongo. Ufinyange kwa vidole. Laterite, yaani ule udongo mwekundu wenye changarawe, ikiwa nzuri hukwaruza; ikifinyangika kama udongo wa matofali, ina ufinyanzi mwingi. Nimewahi kukuta chini ya barabara kichuguu kilichosawazishwa na greda bila kuondolewa. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa kufyatua matofali, sisi wa Katanga tunaujua, lakini chini ya barabara unabeba ukiwa mkavu na unakubali kila kitu ukilowa.

Halafu tumia penetrometa ya koni: nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka milimita 575 juu ya fimbo yenye koni ya nyuzi 60. Ianzie juu ya tabaka la msingi, hesabu mapigo na milimita zinazozama. Milimita 5 kwa pigo ni kama CBR 55 (CBR ni kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo). Milimita 10 ni kama 26. Milimita 20 ni kama 13. Tabaka la msingi chini ya lami linatakiwa kuwa na CBR ya 80 kwenda juu, yaani koni iende milimita 3 au pungufu kwa pigo. Pima chini ya bonde na pia pembeni pasipopita tairi.

Na tafadhali, angalia kalenda. Vipimo vya mwezi wa tisa, ardhi ikiwa imekauka kama tofali, vitakusifia barabara mbovu. Ukiweza, rudia mwezi wa pili au wa tatu, ardhi ikiwa imeshiba mvua. Usipoweza, chukua sampuli, ziloweshe laboratwarini kwa siku 4, ndipo upime CBR.

Hatua ya 5: Laboratwari, ukishajua ni lami

Kwenye karoti pima hewa iliyobaki. Lami nzito hupangwa iwe na hewa asilimia 3 hadi 5. Ikishuka chini ya 3 ndani ya bonde, bitumini imejaza nafasi zote, mawe yamepoteza kushikana na yanaogelea. Baada ya hapo mfuo unaenda mbio. Ukikuta asilimia 4 kwenye bonde na 9 au 10 katikati ya njia, ushindiliaji ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza.

Kisha osha bitumini kwa kimumunyishi, upime kiasi chake, na uchekeche mawe. Bitumini iliyozidi kwa nusu asilimia inatosha kuharibu. Tazama mchanga: mchanga wa mtoni una punje za mviringo, huteleza kama shanga, mchanga wa kusagwa una kona, hushikana. Kwenye barabara ya kamyo nzito sipendi kuona mchanga wa mtoni zaidi ya asilimia 10. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu mchanga wa mtoni ni rahisi kupata na hufanya lami ilazwe vizuri, inaonekana nzuri machoni mwa mwenye kazi.

Usisahau mafuta. Vibarua humwaga dizeli ndani ya kitanda cha kamyo ili lami isigande. Dizeli huyeyusha bitumini, na kila mzigo unaacha doa laini barabarani. Maji ya sabuni yanafanya kazi hiyo bila madhara. Vilevile rangi ya kwanza ya bitumini iliyoyeyushwa kwa mafuta ya taa, ile inayonyunyizwa juu ya msingi, ikifunikwa kabla haijakauka, mafuta yake hupanda na kulainisha lami kutoka chini. Ipe siku zake. Ukiigusa kwa kidole na bado inachafua, si wakati.

Hatua ya 6: Chagua dawa

Kama ni lami iliyotiririka, iondoe. Kukwangua matuta peke yake ni msaada wa haraka wa kutoa maji kabla ya mvua. Mimi huutumia mwezi wa tisa pale pesa haipo, na ninaandika wazi kwamba ni wa muda. Dawa yenyewe ni kukwangua tabaka lote lenye kosa hadi chini yake, hata kama ni sentimeta 12, kufagia vumbi lote, kunyunyiza gundi ya emulsheni nyepesi (bitumini iliyochanganywa na maji), na kulaza mchanganyiko ulio imara. Gundi ikizidi, tabaka jipya litateleza na kufanya mikunjo ya umbo la mwezi mchanga. Emulsheni hutoka ikiwa ya kahawia; subiri igeuke nyeusi.

Kujaza bonde kwa lami na kupitisha tabaka jipya juu kuna ubaya mwingine watu hawaufikirii. Rulo ya chuma ni ngumu na pana. Hukaa juu ya sehemu zilizoinuka na kuvuka bonde kama daraja. Lami iliyo ndani ya bonde, yaani palepale tairi litakapopita, haishindiliwi. Ukilazimika kujaza, jaza peke yake kwanza na ushindilie kwa rulo ya matairi, ndipo upitishe tabaka la juu.

Kama ni tabaka la msingi, anza na maji. Fungua mitaro, ichimbe hadi chini ya kiwango cha msingi, uyape maji ya pembeni mahali pa kwenda. Kutengeneza msingi huku mtaro umeziba ni kutwanga maji. Kisha changua msingi, uuchanganye na saruji asilimia 2 hadi 4 kulingana na vipimo vya laterite yako. Ikiwa ina ufinyanzi mwingi, tangulia na chokaa. Shindilia siku hiyohiyo kabla saruji haijashika, ulinde unyevu kwa siku 7, usiruhusu kamyo. Usiongeze saruji ukidhani nguvu zaidi ni bora: msingi mgumu kupita kiasi hupasuka vipande, na nyufa hupanda juu.

Penye dembo, inua tuta la barabara kwa mawe makubwa chini, weka makalavati ya kutosha ili maji yavuke badala ya kusimama upande mmoja. Ni kazi ghali. Hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Pale kamyo zinaposimama kila siku, mizani, vizuizi, foleni za mpaka, pendekezo langu ni zege ya sentimeta 20 hadi 25 juu ya msingi ulioimarishwa. Zege haitiririki kwa joto na haiyeyushwi na dizeli inayodondoka. Inagharimu zaidi siku ya kwanza, lakini nimehesabu mara ngapi lami ya sehemu hizo hurudiwa, na sina shaka.

Hatua ya 7: Mchanganyiko usiobonyea

Omba bitumini ngumu zaidi, 35/50 badala ya 60/70, au iliyochanganywa na polima kwa milima na mizunguko. Kokoto ziwe za kupasuliwa pande zote. Baada ya kupata kiasi cha bitumini kwa kipimo cha Marshall, kile cha sampuli zinazopigwa nyundo laboratwarini, fanya jaribio la kushindilia hadi mwisho: endelea kupiga sampuli hadi isipungue tena, kisha pima hewa. Isiwe chini ya asilimia 3. Jaribio hilo linakuonyesha barabara yako itakavyokuwa baada ya miaka ya kamyo nzito. Pale penye mashine ya gurudumu, maabara za mtindo wa Kifaransa hupitisha tairi mara 30,000 kwenye nyuzi 60 na kupima mfuo kwa asilimia ya unene. Kwa barabara nzito dai asilimia 5.

Shantini, yaani mahali pa kazi, joto ndilo bwana. Kwa 60/70, mchanganyiko utoke mtamboni kati ya nyuzi 150 na 165, na ushindiliaji mkubwa uishe kabla haujashuka nyuzi 100. Bitumini ngumu inataka nyuzi zaidi. Simama na kipimajoto kila kamyo inapomwaga, na uwe na haki ya kuirudisha. Anza na rulo ya chuma, ifuate ya matairi, umalizie na ya chuma. Usifungue barabara kabla lami haijashuka chini ya nyuzi 50 ndani, si juu tu. Mwezi wa kumi hilo linaweza kuchukua hadi usiku, kwa hiyo panga kulaza asubuhi na mapema na kufungua kesho yake. Nimeona mfuo wa kwanza ukizaliwa saa tatu baada ya rulo kuondoka, kwa sababu mtu mkubwa alikuwa na haraka ya kupita.

Kuhusu mizigo

Kati ya 1958 na 1960, huko Ottawa katika jimbo la Illinois nchini Marekani, malori yaliendeshwa usiku na mchana kwenye barabara za majaribio. Kutokana na vipimo vyake tunajua kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 huharibu maradufu. Ya tani 15 huharibu mara tano. Kwa hiyo fundi anayetengeneza barabara bila kuuliza mizani inasomaje anakisia tu umri wa kazi yake. Hesabu kamyo kwa siku 7, mchana na usiku, na upime ekseli za sampuli yake. Pima na upepo wa matairi pia: kipeo cha nne kinaeleza vizuri kuchoka kwa msingi, lakini lami ya juu huumizwa zaidi na tairi lililojazwa upepo mwingi, maana mzigo uleule unasimama juu ya eneo dogo.

Ukimaliza kazi, piga misumari ya chuma pembeni mwa barabara kwenye kila mstari uliopimwa hatua ya kwanza, uandike namba zake. Rudi na rula yako baada ya mwezi mmoja, kisha mwisho wa mwezi wa kumi, kisha mvua zikikatika mwezi wa nne, upime nukta zilezile. Milimita 2 au 3 mwaka wa kwanza ni lami inayojikalia. Zikiongezeka kasi mwaka wa pili, toa karoti mapema, bonde likiwa bado dogo.